Tamba Trio Ndani ya Chumba cha Tandika

Mji huu umekuwa na bendi zinazojiita Jazz tangu mwaka 1932, ilipoanzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Zikafuata Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, na huko mikoani Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Mkalishe mpenzi wa jazi kutoka Chicago, mpigie santuri za bendi hizo, atakuuliza jazi yenyewe iko wapi. Mwambie ukweli: iko kwenye jina. Ndani ya santuri kuna rumba ya Cuba, iliyotufikia kwa sahani za GV kuanzia miaka ya 1930, ikapokewa Kongo, ikapokewa kwetu, ikaoa, ikazaa. Marehemu Salum Abdallah wa Morogoro hakuona sababu ya kuuficha undugu huo. Bendi yake aliiita Cuban Marimba, basi.

Nimeanzia hapo kwa sababu nataka kuongelea bendi ya watu watatu iliyochanganya samba na jazi, na najua pale kijiweni kuna mtu atadakia: sasa Brazil inatuhusu nini sisi? Brazil tunayoijua ni ya mpira. Tarehe 7 Juni 2010 ilikuja hapa hapa Temeke, Uwanja wa Taifa, ikatufunga 5-1, na bao letu moja la Jabir Aziz tulilishangilia kuliko wao walivyoshangilia matano yao. Muziki wao hakuna aliyeuulizia.

Lakini huenda muziki wenyewe umeshausikia. Kama uliwahi kuliona lile tangazo la Nike la Kombe la Dunia la 1998, Ronaldo na wenzake wanapigiana chenga ndani ya uwanja wa ndege, basi umeshawasikia Tamba Trio. Wimbo ule, Mas que nada, ni wa Jorge Ben, na wao waliurekodi mwaka 1963. Tangazo limepita, viatu vimechakaa, ila ule mwendo wa piano haujatoka kichwani. Mimi ndio ulionifanya niwatafute.

Wenyewe ni hawa: Luiz Eça kwenye piano, Bebeto Castilho kwenye besi na filimbi, Hélcio Milito kwenye ngoma. Walianza kuvuma Rio de Janeiro mwaka 1962. Jina lao halina uhusiano na Kiswahili, ingawa mimi kila nikilisoma namwona mtu anatamba, anapita katikati ya mtaa kifua mbele. Tamba ni chombo. Milito alijipangia mwenyewe ngoma zake, akakiita chombo hicho tamba, na bendi ikachukua jina la chombo. Naomba ulishike hilo, maana nitalirudia: bendi iliyopewa jina la kitu alichojitengenezea mpigaji wake.

Walipokuwa wakipiga palikuwa na uchochoro mmoja wa Copacabana unaoitwa Beco das Garrafas, yaani Uchochoro wa Chupa. Uliitwa hivyo kwa sababu wapangaji wa ghorofani, wakichoshwa na kelele za usiku, walikuwa wanarusha chupa chini. Vilabu vyenyewe, Bottle's Bar, Little Club na vingine, vilikuwa vyumba tu. Bendi ya tarumbeta nane pale ingekaa wapi, na wateja wakae wapi? Watatu ndio walioenea. Mimi naamini sehemu kubwa ya ule muziki ilipangwa na ukubwa wa chumba na hasira ya jirani, kabla falsafa yoyote haijaingia.

Mimi nimewasikiliza Tandika, chumba cha kupanga, simu imewekwa ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue kidogo. Ukuta wa pili kuna jirani mwenye sabufa. Pambano halina usawa. Sabufa likianza, madirisha yanatetemeka na Wabrazil wangu wanapotea kabisa. Lakini umeme ukikatika, na sisi mgao tunaujua, sabufa linakufa, bakuli linabaki. Hapo ndipo nilipoanza kuwasikia kweli kweli.

Jambo la kwanza utakalolikuta ni kwamba hakuna anayemsindikiza mwenzake. Sisi tumelelewa na dansi ambamo kila mtu ana kituo chake: gitaa la rizimu lipo pale pale tangu wimbo uanze mpaka uishe, la besi lipo pale, la solo linapewa nafasi ya kuchonga, waimbaji mbele, na ikifika chemko ndipo moto unawaka. Huo ni mpango mzuri na umetulea. Kwa Tamba Trio hakuna rizimu. Hiyo kazi imegawanywa vipande, kila mmoja anabeba kipande na kukipokeza. Piano ya Eça haigongi pale sikio linapoitegemea. Inagonga pembeni, kabla kidogo au baada kidogo, kama tamborim, kile kingoma kidogo cha samba kinachopigwa kwa kijiti. Jukwaani mtu mmoja hawezi kushika besi na filimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Bebeto akipuliza, chini kunabaki wazi, na piano lazima ishuke kuziba pengo. Halafu wote wanaimba, sauti tatu zilizopangwa, mara nyingine bila maneno. Watu watatu wanafanya kazi ya saba na bado kuna hewa ndani ya chumba.

Sisemi kila walichofanya kinanoga. Eça alisomea piano Vienna, na kuna nyakati anataka sana ujue hivyo: vidole vinaanza kukimbia huku na huko kama mtoto wa darasa la saba anayesoma insha mbele ya mgeni rasmi. Katika nyimbo za taratibu wanakaribia kuwa watamu mno, ule utamu wa chai iliyozidi sukari. Pale Milito anapowarudisha chini kwa ngoma, ndipo wanapona.

Kabla yao kulikuwa na mkono mmoja. Mwaka 1958 João Gilberto, mtoto wa Juazeiro kule Bahia, alirekodi Chega de Saudade kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Watu wameisifu mno sauti hiyo. Mimi nasema tazama mkono wa kulia. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene kwa utulivu kama surdo, ngoma kubwa ya samba, ile inayotembeza watu barabarani. Vidole vingine vinang'oa nyuzi nyembamba kwa pamoja, kwa mikato ya tamborim. Yaani kundi zima la wapiga ngoma wa mtaani limekunjwa likaingia kwenye kiganja. Bosa nova ni hiyo. Ufukwe, miwani ya jua na msichana wa Ipanema ni mapambo yaliyokuja baadaye.

Sasa kuna kitu kinaniuma. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi leo. Wimbo ni Masanga. Gitaa moja la mbao, kidole gumba na cha shahada, na unaweza kuapa kwamba wapo wawili. Huyu ni mtu wa huku kwetu, nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga, baadaye akakaa Nairobi na vijana wengi wakajifunza kwake. Kile alichofanya Gilberto, kuikunja ngoma ndani ya mkono, Mwenda alikuwa anakifanya tayari kwa namna yake. Wenzetu mkono wa Gilberto ukawazalia Tamba Trio, ukawazalia Zimbo Trio, ukafika Carnegie Hall, New York, Novemba 1962. Mkono wa Mwenda kwetu uliishia wapi? Ulipata heshima, ukapata wanafunzi, halafu yakaja magitaa ya umeme na kila kijana akataka kusimama kwenye bendi kubwa.

Na hapa Dar bendi kubwa maana yake ni vyombo vya mtu. Historia ya dansi la mji huu ukiitazama vizuri ni historia ya nani mwenye vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, vyombo ni vya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978, ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, akawachukua baadhi ya nyota wa Mlimani Park, akina Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka, na mtindo wa Ndekule ukazaliwa. Magazeti yalifurahia kuhama huko kama usajili wa Simba na Yanga. Lakini jiulize: mkung'utaji wa gitaa mwenye jina mji mzima, siku akikosana na mwenye vyombo, anaondoka na nini? Anaondoka na vidole vyake. Ndiyo maana nimekwambia ulishike lile la tamba ya Milito.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba muziki bila spika ni anasa ya watu wa Masaki, namwambia ahesabu upya. Gitaa la mbao halihitaji jenereta. Ngoma ya ngozi haina bili ya umeme. Watatu wanapanda daladala moja, kama konda hatagomba kuhusu besi. Kwa kijana wa Mbagala au Mwananyamala hiyo ndiyo bendi pekee anayoweza kuimiliki kabla hajafikisha miaka arobaini.

Tena vijana wapo. Nimewasikia mara kadhaa kwenye mahoteli ya ufukweni, gitaa, besi, na mtu wa kugusa ngoma kwa brashi, wanapiga bosa nova wakati wageni wanakula. Wanajua kazi. Mpangilio wa sauti za gitaa ni ule ule, hata zile zenye kona ngumu. Mmoja wao ni mshikaji wangu, anakaa Tandika mtaa wa nyuma. Aliniambia kwamba pale analipwa ili asisikike: sauti ikipanda kidogo, msimamizi anakuja na kidole mdomoni. Simlaumu, kodi ya chumba haingoji. Kopi yao nailaumu, na nailaumu kwa sababu ni nzuri. Wameiga hadi pumzi. Walichokiacha ni kile kitendo chenyewe. Gilberto aliichukua ngoma iliyokuwa inapita mtaani kwao, akaikunja mkononi. Sisi tunaichukua ngoma ya mtaani kwao, iliyokwisha kukunjwa, tunaikunjua na kuikunja tena hapa Dar, wakati nje ya dirisha yetu inapita.

Mambo ya jina tumeyafanya sana. Msondo ni ngoma ya Wazaramo, ndiyo ikawa mtindo wa NUTA. Sikinde nayo ni ngoma ya Wazaramo, ndiyo ikawa jina la Mlimani Park. Kwa sikio langu ngoma zenyewe ziliingia nusu tu: jina lilikaribishwa ukumbini, mdundo ukaachwa mlangoni na viatu. Mzee wangu mmoja aliyecheza dansi tangu enzi za NUTA anakataa katakata, anasema niende nikasikilize tumba vizuri. Nimesikiliza. Nasikia Cuba. Pengine masikio yetu yana umri tofauti.

Hata Wamarekani hili la jina limewapata. Herbie Hancock mwaka 1971 alitoa albamu inayoitwa Mwandishi. Mwandishi ndiye yeye mwenyewe. Bendi nzima ilijipa majina ya Kiswahili, mwingine Mganga, mwingine Jabali, mwingine Mchezaji. Sisi tunaohangaika na kalamu tunaweza kujidai kidogo kwamba mpiga piano mkubwa namna hiyo alitamani cheo chetu. Ni albamu kali. Lakini humo Kiswahili ni vazi, kama lile Jazz lilivyokuwa vazi kwa Western na Kilwa. Sasa msikilize Hancock huyo huyo kwenye Native Dancer, albamu ya Wayne Shorter na Mbrazil Milton Nascimento iliyotoka mwaka 1975. Hapo hakuna aliyevaa jina la mwenzake. Nascimento anaimba kama anavyoimba kwao, saksafoni ya Shorter inabaki kuwa ya Shorter, na piano inasikiliza kabla ya kusema. Wakikutana, kinachotoka hakikuwepo kwa yeyote kati yao. Nimeirudia mara nyingi kuliko ile ya Mwandishi, na samahani kwa jina letu.

Kuna hoja dhidi yangu, nami siwezi kuizunguka. Huko kwao Brazil alikuwepo mhakiki mmoja mkali, José Ramos Tinhorão, aliyefariki mwaka 2021, ambaye hakuipenda bosa nova maisha yake yote. Aliona ni vijana wa maghorofani waliochukua samba ya watu weusi na maskini, wakaichanganya na jazi ya Marekani, wakaipunguza sauti ili isikike vizuri sebuleni. Usimpuuze. Samba ilipigwa kwanza na watu ambao mababu zao walipelekwa kule kwa minyororo kutoka Angola, Kongo na hata Msumbiji. Utumwa Brazil ulifutwa mwaka 1888 tu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 polisi wa Rio walimnyang'anya João da Baiana dufu lake kwa sababu kulibeba peke yake kulitosha kuwa kosa. Nusu karne baadaye samba hiyo hiyo, ikiwa imenong'onezwa, inapokelewa New York kwa makofi. Nani alipokea pesa, na nani alibaki mlimani kwenye mabanda?

Igeuze hoja hiyo ituelekee sisi. Mchiriku uliota huku huku uswahilini, Kinondoni na Temeke, kutokana na ngoma za Kizaramo na vile vinanda vidogo vya Casio. Jagwa Music walianza Mwananyamala mwaka 1992, na ilibidi ifike 2012 ndipo albamu yao, Bongo Hotheads, itolewe na kampuni ya Ubelgiji. Kinanda kimechoka, spika inakwaruza, mwimbaji anapasua koo, na huo mkwaruzo ni sehemu ya wimbo. Singeli ikatoka kwenye udongo huo huo, ikaongeza mbio. Sasa niambie: vijana watatu wenye magitaa ya mbao wakija kuuchukua mchiriku, wakautoa mkwaruzo, wakaupiga kwa utaratibu mbele ya watu wenye glasi, si watakuwa wamefanya lile lile alilolikataa Tinhorão?

Watakuwa wamefanya, ikiwa watakwenda nao hotelini kwanza. Tofauti ninayoiona mimi ni ya chumba. Vijana wa Copacabana walitoka ghorofani kuifuata samba. Mshikaji wangu wa mtaa wa nyuma hatoki popote. Mdundiko ukipita unapita mlangoni kwake, mama yake anatoka na kanga, na mdogo wake akipotea jioni hiyo watu wanaulizana kwanza mdundiko umeelekea wapi, maana watoto huufuata mpaka wakajikuta Mtoni. Hana haja ya kuutembelea. Na akiupiga kwa sauti ndogo itakuwa kwa sababu ile ile ya Uchochoro wa Chupa: ukuta ni mwembamba, na ng'ambo yake kuna mtu aliyetoka shifti ya usiku.

Nimemsumbua na maneno haya kwa miezi. Mwanzoni alicheka, akaniambia waandishi tuna kazi rahisi. Halafu akaanza kujaribu, nyuma ya nyumba karibu na bomba, umeme ukiwa umekatika. Kidole gumba kimeshakubali: anakipata kile kishindo cha ngoma kubwa ya mdundiko, kile cha mwendo wa miguu mingi kwenye vumbi. Vidole vingine bado. Kila vikiachwa huru vinarudi kwenye tamborim ya Rio, kwa sababu ndiko vilikosomea, miaka minne ya kopi. Wiki iliyopita aliweza kushikilia kama dakika mbili hivi kabla havijamtoroka. Katika dakika hizo mama mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa anaosha vyombo, alianza kusogeza bega bila kujijua, kisha akauliza ni harusi ya nani.

Anahitaji wawili. Mpiga ngoma amempata Yombo, lakini ana kazi ya kuchomelea na anapatikana Ijumaa tu. Besi bado. Kama unasoma hapa na una besi la mbao, au unajua kuligeuza sanduku la chai likawa besi, tuulizie Tandika, kule nyuma ya soko.